Mpangaji Aliyegeuzwa Mtani

Orodha ya zamu za kufagia uwanja niliiandika mimi, nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha, kwa kalamu nyekundu, na mpangaji mpya sikumtia. Nilijiona nimefanya jambo la kiungwana. Nyumba ni ya mama yangu, iko Miyuji, Dodoma, ina vyumba vinne vya uani vya kupangisha, na mimi niliyekuwa nikiishi na mama nyumba kubwa ndiye niliyekuwa waziri wake wa kila kitu: maji, umeme, ufagio na ugomvi. Mpangaji mpya alikuwa mke wa dereva wa lori, mtu wa Kigoma, aliyemwoa hukohuko baada ya mwanamke huyo kuvuka ziwa akitokea ng'ambo. Mume alikuwa nyumbani siku nne kwa mwezi. Mke alikuwa na mkono mmoja.

Wa kulia uliishia kwenye kifundo. Hakuzaliwa hivyo wala hakupata ajali. Watu wenye silaha waliingia kijijini kwao, wakawapanga watu mstari, wakawakata mikono kwa panga, kisha wakawaacha waende zao wakiwa hai, ili kila atakayewaona katika vijiji vya mbele ajue nani anatawala sasa. Hayo nilisimuliwa na mumewe siku walipohamia, kwa sauti ya chini, nyuma ya lori, huku mkewe akipita na godoro kichwani. Nililia palepale. Halafu nikakimbia nikamnyang'anya godoro.

Godoro lilikuwa mwanzo tu. Nilimnyang'anya ndoo, nikamnyang'anya beseni la nguo, nikamnyang'anya kisu na mchicha wake. Siku moja nilimnyang'anya kibiriti nikamwashia jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka. Nikapita chumba hadi chumba kuwaonya wapangaji wengine: msimtazame mkono, msimuulize, akiacha vyombo vyake bombani viondoeni wenyewe, akikosea nyamazeni. Wakatii. Kwa miezi miwili uani kwetu palikuwa na adabu ambayo sijaiona hata msikitini. Akitokea mlangoni, kicheko kinakatika. Akipita na ndoo, watu wanasimama kumpisha kana kwamba kaja mgeni rasmi.

Yeye kila mara alisema, "Asante, dada." Alisema asante nyingi mno, na mimi nilizipokea zote bila kujiuliza kitu.

Mama sikumpa onyo, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kupewa maonyo. Alikuwa Mrangi wa milimani Kondoa, mfupi, mkali, mwenye miwani minene na kikohozi cha aina yake: kabla ya kusema neno la kumuudhi mtu alikohoa mara mbili, kavu, ili mhusika ajiandae. Pia alikuwa na mgongo unaowasha. Miwasho hiyo ilikaa katikati kabisa, mahali ambapo mkono wa mwenye mgongo haufiki, na mama alikuwa ameijaribia miiko yote ya jikoni mpaka nikaanza kuificha.

Sasa, mpangaji wetu alikuwa na mkono wa plastiki, aliopewa zamani alipokuwa akiuguzwa. Ulikuwa na rangi isiyo ya mtu yeyote ninayemfahamu, rangi ya uji wa ulezi uliozidishwa maziwa. Ulimchubua, kwa hiyo aliuvaa siku za kwenda mjini tu. Siku nyingine ulining'inia kwenye msumari nje ya mlango wake, na sote nyumbani tulikuwa tumejifunza kupita pale tukiangalia angani.

Jumamosi moja asubuhi mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anabangua karanga. Mgongo ukamshika. Akajikuna na ukuta, haikusaidia. Akanyoosha shingo akatazama kule msumarini, akakohoa mara mbili.

"Wewe mtu wa ng'ambo," akasema. "Huo mkono wako una kazi leo?"

Mimi nilikuwa naosha mchele. Nilitamani ardhi ipasuke. Wapangaji wawili waliokuwa bombani wakafunga maji ili wasikie vizuri.

"Hauna kazi, mama," mpangaji akajibu.

"Basi niazime. Mgongo unaniua."

Akaenda, akautoa msumarini, akamletea kwa mkono wake wa kushoto. Mama akaupitisha nyuma ya shingo, ndani ya gauni, akajikuna huku amefumba macho. Alijikuna muda mrefu. Kisha akautoa akauchunguza karibu na miwani.

"Hauna kucha," akasema. "Aliyekutengenezea hajawahi kuwashwa."

Halafu mpangaji wetu akacheka. Kumbe alikuwa na kicheko kikubwa, cha mtu mnene, na yeye mwenyewe ni mwembamba. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilisimama na mchele wangu, nimekasirika kwa niaba yake, wakati yeye mwenyewe anafuta machozi ya furaha.

Mama hakumaliza hapo. "Ninyi watu wa huko mna historia na sisi," akasema. "Babu zenu walipita Kondoa na misafara ya pembe za ndovu. Walilala kwetu, wakalishwa vizuri. Asubuhi wameondoka, jogoo wa babu yangu haonekani."

"Mimi sijui habari za jogoo, mama."

"Ndivyo mnavyosema wote. Kuanzia leo wewe ni mtani wangu."

Nikaingilia kati. Nikamwambia mama kwamba utani haufunguliwi kama kibanda cha chipsi. Utani ni wa kabila na kabila, ni wa tangu enzi, na watani wetu ni Wanyaturu wa Singida, kila mtu anajua. Lazima kuwe na historia.

"Na hiyo niliyoitoa sasa hivi ni nini?" mama akauliza.

Basi ikawa hivyo. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, na siku ya msiba kuvaa nguo za marehemu akaigiza mwendo wake mpaka waliao wacheke, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mama alizitaja haki hizo zote moja moja, pale kwenye kigoda, huku akiendelea kubangua. Kisha akakohoa tena, safari hii kwa ajili yangu, akauliza kwa nini mtani wake hayumo kwenye zamu za kufagia. Nikababaika. Nikasema nilidhani, nilifikiri, labda.

"Alhamisi," mama akasema. "Mwandike Alhamisi."

Alhamisi akafagia. Kwa mkono wa kushoto ufagio wa chelewa ulikuwa unamkimbia, na taka alizozoa kwa kuzisukumia kwa mguu kwenye mfuniko wa ndoo ziliacha mikia ya vumbi. Wapangaji wote walisema pamependeza. Mimi nilisema pamependeza sana. Mama akatoka, akatazama, akakohoa.

"Uwanja huu umefagiwa au umekunwa? Rudia pale chini ya mzabibu."

"Macho yako ndiyo machafu, mtani," akajibu yule, na akarudi chini ya mzabibu akafagia upya, akinung'unika kwa lugha ya kwao maneno ambayo hayakuwa dua. Nilimtazama usoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyetoka kuugua na sasa anasikia njaa.

Siku chache baadaye mimi na mtani tulikuwa tumekaa na sinia la karanga. Yeye alilishika kwa nyayo zake mbili na kubangua kwa vidole vyake vitano haraka kuliko mimi kwa kumi. Nikamwomba radhi kwa ajili ya orodha. Akasema si kitu. Halafu akasema, kwa uzito wa mtu anayetoa malalamiko ofisini, "Dada, unajua tangu nikatwe hakuna mtu aliyewahi kunitukana?"

Na bila kuombwa akanisimulia. Walikuwa kumi na mmoja kwenye mstari, yeye wa tano. Kila mmoja aliulizwa anapikia mkono gani, na wanaume waliulizwa wanalimia mkono gani. "Mimi nikasema kweli," akasema. "Sijui kwa nini. Nilikuwa nimezoea kuulizwa na watu wazima na kujibu. Mmoja akaniambia nisogeze kitenge kisichafuke." Akatupa karanga moja mdomoni, akatafuna. "Ningesema kushoto. Leo ningekuwa napika vizuri."

Nilicheka kabla sijajizuia. Kisha nikaona aibu, nikaanza kulia, na nikataka kumshika, na mikono yangu imejaa maganda.

"Hapo ulipocheka palikuwa pazuri," akasema. "Ungeishia hapo. Mama yako ananitukana vizuri sana. Wewe hujui."

Ilikuwa kweli, na iliniuma, maana kazini kwangu mimi ndiye ninayeogopwa kwa mdomo. Nikaamua kujifunza. Nilikuwa natunga maneno njiani nikirudi kutoka ofisini, yananijia makali kabisa, nikifika getini nikimwona na kile kigutu yanayeyuka. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mtani, wewe una... nywele nyingi." Mara ya pili nilimwambia viatu vyake vikubwa. Alinitazama kwa huruma, halafu akaniadhibu kwa sauti ileile ya zamani: "Asante, dada." Hiyo asante ilinichoma kuliko tusi lolote. Mama alicheka mpaka akakohoa kikohozi cha kweli.

Miaka miwili ilipita hivyo. Wao wawili walitukanana kila siku iliyojaliwa na Mungu. Mtani aliiba mboga za mama jikoni, mama akaficha mkono wa plastiki ndani ya pipa la unga. Mtani akauvaa kwenda nao mjini na ukamwaga unga kila alikopita. Wapangaji wengine nao wakaanza kidogo kidogo kumgombeza kwa vyombo vya bombani, na yeye akawajibu. Mimi peke yangu nilibaki na heshima zangu. Nilimpenda kwa dhati na sikuweza kumwambia neno moja baya.

Kisha mama akafa. Ilikuwa msimu wa baridi, ule upepo wa Dodoma unaopita na vumbi jekundu mpaka ndani ya chupa za chai. Alikufa alfajiri, baada ya sala, kabla ya kifungua kinywa, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Nilikaa kitandani pake nikamsubiri akohoe.

Ndugu wa Kondoa walifika kabla ya saa sita, maana siku hizi njia yote ni lami. Waliongozwa na mjomba, kaka yake mama, mtu mrefu wa dini na utaratibu, asiyependa kelele. Watani wa Singida walipigiwa simu. Bibi mmoja tu alipatikana, akasema magoti hayamruhusu, akatuma salamu na tusi dogo. Msiba ukaenda kimyakimya, kama mjomba alivyotaka. Mama akaoshwa, akaswaliwa, wanaume wakaenda kumzika, wakarudi. Masinia ya pilau yakatolewa. Wanawake tulikuwa tumekaa mikekani sebuleni, wanaume barazani mlango ukiwa wazi, na hakuna aliyesema kitu zaidi ya pole. Nilikuwa nimekauka. Tangu asubuhi chozi lilikuwa limekataa kutoka.

Hapo ndipo tuliposikia kikohozi. Mara mbili, kavu, kutoka chumbani kwa mama.

Shangazi mmoja akaangusha kijiko. Mlango ukafunguka, akatoka mtani wetu. Amejifunga kanga ya mama ya kijani, amevaa miwani ya mama, amepinda mgongo kama mama, na kwa mkono wa kushoto ameshika ule wa plastiki anajikuna nao. Akatembea mwendo wa mama, ule wa kukagua, mpaka kwenye sinia la katikati. Akaketi. Akaonja pilau.

"Mchele huu," akasema, "umekufa kabla yangu."

Binamu yangu mmoja akatoa sauti puani. Mtani akageuza miwani kuelekea barazani.

"Na yule ni kaka yangu? Amekuja? Barabara ya lami ina miaka mingapi, leo ndiyo ameiona?"

Lilikuwa neno la mama lenyewe. Alilisema kila Idi, kwa uchungu, na mtani alikuwa amelisikia uani. Mjomba akasimama. Wanawake wawili wa Kondoa, ambao hawakumjua, wakaruka wakamkamata mabega, mkono wa plastiki ukaanguka mkekani, mtu akapiga kelele kwa kuuona. Wakaanza kumvuta kwenda nje. Mmoja alikuwa anasema hana haya, mwingine alikuwa anasema labda ana ugonjwa wa akili.

Mjomba akaja mlangoni. "Huyu ni nani?" akaniuliza.

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, nilikuwa nimelizoea miaka miwili: mwacheni, maskini, amepata matatizo. Wangemwacha mara moja. Wangempa maji, wangemwekea mto, wangemsikitikia kuliko wanavyonisikitikia mimi. Na yeye angesema asante, angerudi chumbani kwake, na kila alichopewa na mama ningekuwa nimemnyang'anya, mimi, siku ileile mama anazikwa. Aliinua macho akanitazama kupitia miwani minene. Macho yalikuwa makubwa mno ndani ya vile vioo, na yalikuwa yanaogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa.

Nikasimama. "Mwacheni," nikasema. "Huyu ni mtani wetu, mjomba. Ukoo wao ndio ulioiba jogoo wa babu yenu." Nikamgeukia yeye. "Na wewe, mtani, usitulilie hapa kuhusu mchele. Huo mkono mmoja uliokutosha kula pilau letu utakutosha kuosha masufuria yake. Yote. Na yale makubwa ya kuazima."

Wale wanawake wawili walimwachia polepole, wakinitazama mimi sasa, wakidhani ugonjwa wa akili ni wangu. Mtani alirekebisha miwani. Akakohoa mara mbili.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya mama, "kumbe unajua kutukana. Ningejua ningekufa mapema."

Mjomba alivua kofia akajifunika nayo uso. Mabega yakaanza kumtikisika. Hatukujua analia au anacheka mpaka akaishusha, tukaona ni vyote viwili. Binamu yangu akaanguka ubavu. Sebule nzima ikacheka, na ndani ya kicheko hicho chozi langu lilipata njia, nikamlilia mama yangu kwa sauti, nimeketi katikati ya masinia, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Masufuria mtani aliyaosha mpaka magharibi, na alikuwa akiuliza kwa sauti wapi zilipo familia zenye adabu.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo nimeonekana vizuri. Lakini kuna jambo la kanga.

Kanga ile ya kijani hakuivua. Alikwenda nayo chumbani kwake, na kwa kanuni ni haki ya mtani, alichokivaa msibani ni chake. Mimi nilikuwa nimeiweka akilini tangu asubuhi. Ndiyo mama aliyokuwa amejifunga usiku wake wa mwisho, nayo ilikuwa na harufu yake. Kesho yake nikaenda kuiomba kwa upole. Akasema mtani harudishi. Nikaomba mara ya pili. Akasema, "Mtani wangu alikuwa mama yako, si wewe, na kanga ni yangu." Hapo nilichemka. Nilimwambia kwamba ana roho mbaya, kwamba amezoea kuhurumiwa mpaka anaona vya watu ni vyake, na kwamba mama alikuwa mama yangu mimi, si wake. Haukuwa utani. Akafunga mlango, na mimi nikapita na ndoo yake iliyokuwa njiani nikaipiga teke.

Siku tatu sikumsalimia. Nilimwona akipita, nikageuza uso. Asubuhi ya nne akaja kwenye mlango wa jikoni kwangu, akasimama.

"Siku tatu hujanisalimia."

"Ndiyo."

"Umenikasirikia?"

"Sana."

"Kweli kabisa, au unajifunza?"

"Kweli kabisa. Nataka kanga ya mama yangu."

Akakaa kwenye kizingiti, akaweka kigutu juu ya goti, akakitazama kama mtu anayetazama saa.

"Wale walionikata hawakunikasirikia," akasema. "Hata kidogo. Walikuwa wanaongea mambo ya chakula chao cha mchana. Sikuwa nimewafanyia kitu, hawakunijua. Baada yao watu wote wakanihurumia, nako sikuwa nimefanya kitu. Miaka kumi na miwili, dada. Wewe ndiye wa kwanza kunikasirikia kwa jambo nililolifanya mimi mwenyewe."

Nilikuwa bado na hasira, na sasa juu ya hasira hiyo kulikuwa na mengine. Nikauliza tu, "Kwa hiyo kanga?"

"Kanga sikupi."

Nikamwambia aondoke mlangoni kwangu kabla sijammwagia maji ya vyombo. Akaondoka taratibu, kama mtu anayetaka kufukuzwa zaidi, na mimi nikabaki na hasira zangu mpaka Ijumaa.